Kuzunguka Mombasa kwa boti na pesa za chama: mambo ya kujua kabla hujalipa

Agosti shule zikifungwa, maswali yanayotufikia hubadilika. Watu huacha kuuliza habari za karo na kuanza kuuliza habari za safari. Je, naweza kulipia tiketi ya treni nikiwa kijijini? Huyu mtu wa boti anataka dipoziti, nimtumie au nisimtumie? Na nikipoteza simu huko Mombasa, pesa zangu zinaenda wapi?

Badala ya kujibu moja moja, leo nitakupeleka safari na kina mama 14 wa Kikima ambao walikutana na maswali yote matatu. Mimi nilijikuta ndani kwa sababu mmoja wao ni shangazi yangu, na alipowaambia wenzake kwamba kazi yangu ni mambo ya malipo ya simu, ikaamuliwa niende nao. Sikuulizwa sana.

Kikima, kwa wasioijua, ni soko lililo juu kwenye vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni. Ni mahali pa baridi, pa matuta ya shamba na barabara za kupinda. Mito iko, lakini ukishuka chini kwenye Kaiti au Thwake miezi mingi ya mwaka utakuta mchanga mtupu, na maji unayafukua kwa mkono na kibuyu. Boti ni kitu cha kuona kwenye televisheni. Na bado, maji ya mvua ya Mbooni huenda baharini kila mwaka: Thwake huingia Athi, Athi ikikutana na Tsavo huitwa Galana, mbele zaidi huitwa Sabaki, na Sabaki humwaga Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Maji hayo husafiri bure. Kina mama wao waliweka shilingi 500 kila mtu kila mwezi kwa miezi 12, jumla shilingi 84,000, ili wakaione bahari na kuuzunguka mji wa Mombasa kwa boti.

Kila mwezi wa hiyo 500 una hadithi yake. Kuna aliyeuza parachichi, kuna aliyeshona sare, kuna mmoja aliyekosa miezi miwili akalipa yote kwa mpigo baada ya kuuza mbuzi. Pesa zote zilikaa kwenye laini ya mwekahazina, mwalimu mstaafu ambaye daftari lake ni safi kuliko vitabu vya kampuni nyingi ninazozijua.

Treni

Hapa nitapita haraka kwa sababu hapakuwa na shida. Tangu Madaraka Express ianze kubeba abiria mwaka 2017, mtu wa Makueni hana haja ya kwenda hadi Nairobi. Kutoka Kikima unashuka kwa matatu hadi Wote, kutoka Wote unaunganisha hadi Emali, na treni ile inayosimama vituo vya njiani inakuchukua hapo. Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639#, hata kwa simu ya kabambe, na unalipa papo hapo kwa simu. Jambo la kuangalia ni kwamba kila abiria huandikwa kwa nambari yake ya kitambulisho, kwa hiyo kusanya vitambulisho kwanza ndipo uanze kubonyeza. Ukianza kuulizana nambari katikati, muda unakwisha na unarudi mwanzo. Mwekahazina alizikata za kwenda na za kurudi siku moja, akaandika kila moja kwenye daftari, akafunga daftari.

Mtu wa boti anataka dipoziti

Wiki tatu kabla ya safari, mmoja wa kina mama alipata ukurasa wa Facebook wenye picha nzuri ajabu: jahazi lenye tanga jeupe, jua linazama, watu wanakula kamba. Wakapiga. Mwenye sauti akawa mpole sana. Bei ni shilingi 12,000 kwa kikundi, alisema, lakini Agosti watu ni wengi, kwa hiyo zitumwe zote leo kabla ya saa kumi ndipo boti isichukuliwe na wengine. Akatoa nambari ya simu ya kawaida.

Mwekahazina aliweka nambari, akaweka kiasi, na kabla ya kuweka PIN akasoma jina lililotokea kwenye skrini. Yule bwana alikuwa amejitaja kwa jina moja, na skrini ilionyesha jina la mwanamke. Akapiga tena kuuliza. Sauti ikasema ni jina la mhasibu. Akauliza jina la boti. Sauti ikataja jina ambalo halikuwa kwenye ukurasa. Hapo mwalimu akafanya kile walimu hufanya, akanyamaza kwa muda. Sauti ikaanza kukasirika, ikakata simu.

Sijui kama yule alikuwa tapeli au mtu asiye na mpangilio. Kwa pesa za chama, tofauti hiyo haina maana sana. Ila ona ni wapi uamuzi ulifanyika: ni pale kwenye jina, sekunde chache kabla ya PIN. Watu wengi huliruka jina lile kama vile ni tangazo. Lisome kwa sauti, mwenzako asikie. Baada ya PIN mambo hubadilika, maana pesa zikishaingia kwa mtu binafsi na akazitoa kwa wakala, hata tukipata ripoti yako dakika kumi baadaye hakuna cha kurudisha. Unaweza kusimamisha pesa ambazo bado ziko kwenye akaunti yake, lakini noti zilizo mfukoni mwake huziwezi.

Mwishowe hawakulipa dipoziti yoyote wakiwa Kikima. Waliamua kwenda kutafuta boti wenyewe Mji wa Kale siku ya kwanza jioni na kupanda siku ya pili. Kusema ukweli mimi nilikuwa na wasiwasi kwamba tutakosa. Hatukukosa. Ukishuka kwenye vichochoro vya Mji wa Kale kuelekea Bandari ya Kale, utapata watu wa boti wamekaa kwenye ngazi wakisubiri watu kama wewe, na hapo unaweza kuona boti yenyewe, kuhesabu jaketi okozi, na kuuliza cheti. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ndiyo hukagua vyombo hivi na kuvipa leseni, na cheti huonyesha chombo kinaruhusiwa kubeba watu wangapi. Nahodha ambaye hana cha kuficha hukuonyesha bila kuudhika.

Wetu alionyesha. Bei ikajadiliwa kwa muda mrefu, maana kina mama wa sokoni hawakubali bei ya kwanza hata ya kaburi. Wakakubaliana shilingi 9,800 kwa boti nzima, muda wa saa mbili na nusu, nusu ilipwe kabla ya kuondoka na nusu baada ya kurudi kwenye ngazi zile zile. Malipo yaende kwa till yenye jina la kikundi chao cha boti. Hilo la till lilikuwa pendekezo langu, na sababu zake ni za kawaida tu: ukilipa kwa till wewe mteja hukatwi ada, jina la biashara hujitokeza, na ujumbe unaobaki kwenye simu yako ni risiti ambayo mwekahazina anaweza kuinakili. Hiyo nusu kwa nusu ilitoka kwa kina mama. Mmoja wao hujenga nyumba na anajua mafundi.

Neno moja kuhusu Fort Jesus kabla hatujaingia majini. Kiingilio cha ngome ni malipo ya serikali na hupitia eCitizen, paybill 222222. Mtu yeyote akikusimamisha mlangoni akisema umtumie kwenye nambari yake ili akupitishe haraka, mwambie asante na uendelee kutembea.

Majini

Tuliondoka saa nne asubuhi ya Jumamosi, na saa hiyo haikuchaguliwa na sisi. Aliichagua nahodha kwa kuangalia maji. Mombasa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukiondoka maji yakiwa yamekupwa, njia za ndani ya mikoko hazipitiki na utalipia saa mbili za kutazama matope. Kwa hiyo mtu akikuuzia safari ya boti bila kutaja maji yatakuwaje saa hiyo, muulize. Jambo la pili alilotuambia ni kwamba hatatoka nje kwenye bahari wazi. Agosti ni msimu wa kusi, upepo ni mkali na mawimbi ni makubwa. Mama mmoja alisema wamelipa kuona bahari. Nahodha akamjibu, "Mama yangu, bahari utaiona. Mimi nataka nawe uione kesho pia."

Kwanza tuligeuza kusini kidogo ili tuione Fort Jesus kutoka majini. Nilikuwa nimeiona mara mbili kutoka upande wa mjini na sikuwahi kuielewa. Ukiwa chini kwenye boti unaelewa. Ukuta unapanda kutoka kwenye jiwe la matumbawe kana kwamba umeota hapo, na kila chombo kinachotaka kuingia bandarini lazima kipite chini yake. Wareno waliianza mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira, na mzingiro huo ulikwisha Desemba 1698, karibu miaka mitatu baadaye, wengi wa waliokuwa ndani wakiwa wamekufa kwa maradhi na njaa. Chini ya pale tulipokuwa tunaelea, mwaka 1697, ilizama meli ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyokuja kuwasaidia waliozingirwa. Wataalamu wa mambo ya kale waliipigia mbizi kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu walivyotoa viko kwenye makumbusho ndani ya ngome. Kina mama walichungulia maji. Yalikuwa ya kijani na hayakuonyesha kitu.

Halafu tukageuza kaskazini, Mji wa Kale ukiwa mkono wa kushoto. Nyumba zimesongamana hadi ukingoni, roshani za mbao zikining'inia, nguo zimeanikwa, watoto wakipiga mbizi kutoka kwenye ngazi. Kuna mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry, mmoja wa misikiti ya zamani zaidi mjini. Nahodha alituonyesha ngazi za Leven, zilizopata jina kutokana na meli ya Waingereza iliyokuja hapa mwaka 1824, na akatuambia kwa nini vyumba vya nyumba zile za zamani ni vyembamba: paa hushikiliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio huamua upana wa chumba. Mama anayejenga nyumba aliipenda sana hiyo. Alitaka kujua bei ya boriti.

Mkono wa kulia ni bara, upande wa Nyali. Huko ndiko Johann Ludwig Krapf alikomzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga, Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Mimi nilikuwa nimelisoma jina la Krapf shuleni kama jina la mtihani. Sasa nikawaambia kina mama kile nilichokumbuka: huyu ndiye aliyepanda hadi Ukambani mwaka 1849 na kupokewa Kitui na Kivoi, na akiwa huko, tarehe 3 Desemba, akauona Mlima Kenya. Na Kivoi hakuwa mtu wa kungoja wageni nyumbani. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, misafara yake ikishuka hadi pwani hii hii. Wakamba walikuwa wakija Mombasa na bidhaa miaka mingi kabla ya reli. Mwenyekiti akasema, basi sisi si watalii, tumekuja kufuata deni. Boti nzima ikacheka. Na kama unataka kuendeleza hiyo hesabu, nenda Changamwe uwaone wachongaji wa ushirika wa Akamba, ulioanzishwa 1963. Utasalimiwa Kikamba mlangoni.

Tukapita chini ya Daraja la Nyali. Hili la sasa ni la 1980. Kabla yake kulikuwa na daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931. Ukiwa juu ndani ya matatu ni sekunde chache za msongamano. Ukiwa chini ni kama kuingia kanisani: nguzo nene, mwangwi, kivuli cha baridi, ngurumo za magari mbali juu ya kichwa. Ukitoka upande wa pili mji unabaki nyuma na hori la Tudor linafunguka, maji mapana yaliyotulia yanayopokea mito miwili midogo, Kombeni na Tsalu. Kingo zote ni mikoko. Nahodha alizima injini tukaelea. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, na kina mama wa chama hicho si watu wa kunyamaza.

Simu ilipoanguka

Ilikuwa tunarudi, karibu na daraja. Mwekahazina alikuwa amesimama kidogo kupiga picha ya nguzo. Boti nyingine ikapita kwa kasi, wimbi lake likatupiga ubavuni, na simu ikamponyoka. Haikupiga kelele. Iligusa ukingo wa boti, ikageuka mara moja, ikaingia.

Alikaa chini polepole. Kisha akasema maneno mawili, "Pesa za watu."

Kwenye laini ile kulikuwa na shilingi 33,500. Hiyo ilikuwa salio la nyumba ya wageni, chakula cha siku mbili, nauli ya kutoka Emali hadi Kikima kwa watu 14, na nusu ya pili ya boti. Kuna mama mmoja alianza kulia. Mwingine akamuuliza nahodha kama vijana wanaweza kupiga mbizi. Nahodha akatikisa kichwa, maji yalikuwa yanakupwa kwa nguvu.

Hapa ndipo niliposema jambo ambalo ningependa kila mteja wetu alijue kabla hajahitaji kulijua: pesa haziko ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti. Simu ni mlango tu, na laini ni ufunguo. Simu ikizama, ikiungua au ikiibiwa pale feri ya Likoni, unatumia simu ya mtu mwingine kupigia huduma kwa wateja, unajibu maswali ya kukutambua, laini inafungwa, kisha unaenda dukani na kitambulisho unapewa kadi mpya yenye nambari ile ile. Salio linakuwa pale pale lilipokuwa. Niliwaambia tutafika mjini saa saba, saa nane tutakuwa tumemaliza.

Nikamwomba mwekahazina atoe kitambulisho. Akakitoa. Kisha akanitazama na kusema, "Mwana wakwa, laini ni ya binti yangu."

Ni hadithi ya nyumba nyingi. Miaka iliyopita binti alikuja Krismasi na zawadi ya simu, laini ikiwa tayari imewekwa, imesajiliwa kwa kitambulisho chake kwa sababu ndiye aliyekuwa dukani. Mama akaanza kuitumia siku hiyo hiyo. Kila mtu Kikima anaijua nambari ile kuwa ya mwalimu. Lakini kwenye mfumo mwenye laini ni mtu mwingine, anayefanya kazi Athi River, na huduma kwa wateja wakipigiwa hawawezi kuzungumza na yeyote ila huyo. Na wasingefaa kuzungumza na mwingine. Kama wangeweza, tapeli yeyote angepiga akisema yeye ndiye mama.

Kwa hiyo tumpigie binti. Nambari yake? Iko kwenye simu. Simu iko wapi? Hapo tulikaa kimya kidogo, hadi mwekahazina alipofungua daftari. Ndani ya jalada, kwa kalamu nyekundu, nambari tano: ya mwenyekiti, ya katibu, ya zahanati, ya mwanawe wa kiume na ya binti.

Binti alipokea mlio wa pili. Alitulia kuliko sisi sote. Akapiga huduma kwa wateja laini ikafungwa, akaomba ruhusa kazini, akapanda boda hadi dukani na kitambulisho chake.

Ngazini

Tulifika kwenye ngazi za Bandari ya Kale tukiwa na deni la shilingi 4,900 na mwekahazina asiye na simu. Sitakuambia kwamba nahodha alitusamehe, maana hakutusamehe, na sioni kwa nini angetusamehe. Alikuwa amechoma mafuta yake. Alisema tu, kwa upole, kwamba atasubiri.

Mwenyekiti akapiga hesabu kwa sauti: 4,900 kwa watu 14 ni 350. Kila mmoja akatoa simu yake. Till haijali pesa zinatoka kwa watu wangapi. Aliyekuwa na 350 akatuma, aliyekuwa na 200 akakopeshwa 150 na jirani. Mimi nikataka kutoa yangu wakakataa, ati mgeni halipishwi deni la nyumba. Mama mmoja ambaye ujumbe wake ulichelewa alimwonyesha nahodha skrini yake. Akasema, "Mama zangu, skrini zenu nzuri, lakini mimi naamini meseji ya simu yangu tu." Na alikuwa sahihi. Meseji ya kughushi ni rahisi kutengeneza, na mfanyabiashara anayeachilia mali kwa kuangalia simu ya mteja anacheza kamari. Tukangoja. Simu yake ikalia ya 14, akasoma jina, akakunja mkono akatusalimia mmoja mmoja.

Chakula cha mchana kilikuwa mahamri na chai, kwa hesabu ya sarafu.

Binti alipata kadi mpya mapema alasiri, lakini laini ilichukua muda kuamka. PIN ya zamani hakuwa nayo, na mama yake hakumtajia kwa simu, ingawa alitaka. Nilimzuia. Binti ndiye mwenye laini, kwa hiyo aliomba PIN mpya kwa kitambulisho chake mwenyewe na hakuhitaji ya mtu. Saa kumi na moja na dakika chache, simu ya mwenyekiti ikalia tukiwa tumekaa kwenye nyasi mbele ya Fort Jesus. Shilingi 33,200.

Kama una mzazi kijijini, mwombe leo apige *106# kwenye simu yake. Itamwonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama ile anayoitumia kila siku haimo, iko kwa jina la mtu mwingine, nawe huenda ndiye huyo mtu. Kuihamisha si kazi kubwa wenye laini wote wawili wakiwa hai, wako na vitambulisho na hawajakosana. Nimetaja hayo matatu kwa sababu nimeona wateja wakija wakikosa moja. Na kwa chama, uliza kuhusu akaunti ya kikundi. Benki na huduma za malipo ya simu wanazo zile ambazo pesa hazitoki hadi watu wawili au watatu waidhinishe kila mmoja kwa simu yake. Simu moja ikizama, wengine bado wana mlango.

Jumapili tulipanda treni. Jumatatu mwekahazina alinunua laini mpya kwa jina lake mwenyewe, akaandika nambari yake mlangoni mwa duka la posho pale sokoni ili watu wasihangaike. Kwenye kikao kilichofuata alisoma hesabu zote. Kila mama alirudishiwa 350 yake ya boti. Kulikuwa na pengo la shilingi 300, na mtu akauliza. Akageuza ukurasa akasoma: kadi mpya ya laini, ada ya kutuma, na boda ya binti, kwenda tu. Kurudi kazini alitembea.